UWANJA WA NDEGE UELEAO: SOMO KUTOKA UFARANSA

Na Mwanachama wa Kidato cha Tatu

Katika mijadala ya chama chetu kuna usemi ambao hautuishi midomoni: kwamba Kiswahili kinaweza kueleza jambo lolote, liwe la shambani, la kiwandani au la angani. Kujisifu ni rahisi, kuonyesha ndio kazi. Kwa hivyo mwaka huu sikutaka kuandika juu ya faida za ng'ombe wala madhara ya ulevi. Nimechagua jambo lenye vyuma, mvuke na hesabu, nalo ni manowari za kubeba ndege zilizotumiwa na Ufaransa tangu Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha mwaka 1945.

Huenda ukauliza, "Sasa manowari za Wafaransa zatuhusu nini sisi?" Subiri kidogo. Ndani ya habari hii mna swali linalomhusu kila mtu na kila nchi: ni kitu gani mtu aweza kuazima kwa mwenzake, na ni kitu gani lazima awe nacho mwenyewe?

1. MANOWARI YA KUBEBA NDEGE HUFANYA KAZI VIPI?

Kiwanja kikubwa cha ndege nchi kavu huwa na barabara ya kurukia yenye urefu wa kilomita tatu hivi. Sasa hebu fikiria ndege ya vita inayotakiwa kuruka na kutua juu ya meli ambayo staha yake haifiki hata mita mia tatu. Isitoshe, meli yenyewe inayumba juu ya mawimbi. Si mchezo!

Siri ya kwanza ni upepo. Ndege haihitaji mwendo juu ya ardhi. Yahitaji hewa ipite kwa kasi juu ya mabawa yake. Tuchukue mfano wa kukadiria. Ndege yataka hewa ipite kwa kilomita 240 kwa saa ndipo inyanyuke. Nahodha anaielekeza meli upande upepo unakotoka, akaenda mbio kilomita 50 kwa saa. Upepo nao unavuma kilomita 30 kwa saa. Kabla ndege haijasogea hata unyayo, tayari imepata kilomita 80. Zimebaki 160 tu. Ndiyo maana mwendo wa meli ni jambo kubwa sana katika hesabu hizi.

Siri ya pili ni manati. Naam, manati, lakini si ile ya kuwindia ndege shambani. Hii ni ya mvuke. Ndani ya staha mna silinda ndefu. Mvuke mkali ukiachiliwa humo husukuma kifaa kilichoshikana na gurudumu la mbele la ndege au tumbo lake, na ndege hurushwa kama jiwe.

Siri ya tatu ni kutua. Chini ya mkia wa ndege mna kulabu. Juu ya staha hutandazwa kamba nene za chuma. Kulabu ikinasa kamba mojawapo, ndege husimama katika umbali usiofika mita mia moja. Je, ikikosa? Zamani ilikuwa balaa, maanake mbele palikuwa na ndege nyingine zimeegeshwa. Ndipo Waingereza, katika mwaka 1951, wakabuni staha ya mshazari: sehemu ya kutulia ikageuzwa kidogo upande wa kushoto. Rubani akikosa kamba, anaongeza moto na kupaa tena, wala hamgongi mtu. Manati ya mvuke pia ilibuniwa na Waingereza katika miaka hiyo hiyo.

Mambo hayo matatu, yaani mwendo, manati na staha, ndiyo yatakayotuongoza hadi mwisho wa somo.

2. MIAKA YA KUAZIMA

Kabla ya vita Ufaransa ilikuwa na manowari moja tu ya aina hii, jina lake Béarn, iliyoingia kazini mwaka 1927. Haikuundwa tangu mwanzo kwa kazi ya kubeba ndege. Ilikuwa mwili wa manowari ya mizinga uliobadilishwa, nayo ilikwenda polepole mno. Nyingine iliyoitwa Joffre ilianza kujengwa mwaka 1938, lakini Wajerumani walipoiteka Ufaransa mwaka 1940 kazi ikafia hapo.

Basi vita vilipokwisha Wafaransa walijikuta mikono mitupu. Viwanda vilikuwa vimevunjwa na fedha hazikuwapo. Wakafanya vile afanyavyo mtu aliyeunguliwa na nyumba: wakabisha hodi kwa majirani. Mwaka 1945 walipewa manowari ndogo ya kusindikizia misafara, wakaiita Dixmude. Mwaka 1946 Uingereza ikawaazima Colossus, nao wakaiita Arromanches. Mwaka 1951 wakainunua kabisa. Marekani nayo ikawaazima mbili: Langley ikawa La Fayette mwaka 1951, na Belleau Wood ikawa Bois Belleau mwaka 1953.

Meli hizo zilipelekwa kupigana katika Indochina, ambako watu wa Vietnam walikuwa wakipigania uhuru wao. Kati ya tarehe 13 Machi na tarehe 7 Mei mwaka 1954, Wafaransa walizingirwa mahali paitwapo Dien Bien Phu, bondeni, milima pande zote. Ndege kutoka Arromanches zilitumwa kuwasaidia. Tazama jambo hili vizuri: meli ilikuwa ya Kiingereza, ndege zilikuwa za Kimarekani, aina ya Hellcat na Helldiver, na marubani ndio waliokuwa Wafaransa. Ngome ilianguka. Haingekuwa haki kusema ilianguka kwa sababu ya meli, kwani watu wanaotetea nchi yao wana nguvu ambayo haipimwi kwa tani. Lakini Wafaransa waliona wazi kwamba hata kama wangeshinda, wangeshinda kwa vifaa vya watu.

Mwaka 1956 Arromanches na La Fayette zilishiriki katika mashambulizi ya Suez, Misri. Marekani, yule yule mwenye La Fayette, aliyapinga mashambulizi hayo. Umeona utata wake? Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwenyewe akiitaka, utaivua hata kama uko sokoni. Na kweli, Bois Belleau ilirudishwa Marekani mwaka 1960, na La Fayette mwaka 1963.

3. CLEMENCEAU NA FOCH

Wafaransa hawakungoja hadi waambiwe warudishe. Walikuwa wamejaribu kuchora manowari yao wenyewe mara tu baada ya vita, mpango ukafutwa kwa ukosefu wa fedha. Walipojaribu tena walifaulu. Mwaka 1955 ujenzi wa Clemenceau ulianza katika gudi la Brest. Ilitiwa majini Desemba 1957, ikaingia kazini Novemba 1961. Ndugu yake Foch ilijengwa Saint-Nazaire, ikaingia kazini Julai 1963.

Kila moja ilikuwa na urefu wa mita 265, sawa na viwanja viwili na nusu vya kandanda, na ikijazwa mafuta, silaha na ndege ilifikia tani zaidi ya 32,000. Iliweza kukimbia kilomita 59 hivi kwa saa. Ilikuwa na staha ya mshazari wa digrii nane, lifti mbili za kupandishia ndege kutoka bandani chini, na manati mbili za mvuke zenye urefu wa mita 50. Manati hizo, kumbe, zilitoka Uingereza! Wafaransa hawakuona haya kuzinunua. Meli iwe yao, mchoro uwe wao, lakini kifaa ambacho jirani alikwisha kukikamilisha, kwa nini wajisumbue kukibuni upya?

Hapo ndipo tunaona ugumu wa kazi ya mhandisi. Staha fupi na manati fupi zinaichagulia meli ndege zake. Wafaransa walihitaji ndege ya kulinda anga. Ndege ya Kimarekani Phantom ilikuwa kubwa mno kwa staha ile. Wakachagua Crusader, nayo pia ya Kimarekani, wakanunua 42. Hata hizo zilibidi kufanyiwa marekebisho ya mabawa, ili ziweze kuelea hewani kwa mwendo wa chini zaidi wakati wa kutua. Kwa upande wa ndege zao wenyewe walikuwa na Étendard ya kushambulia na Alizé ya kuwindia nyambizi. Kutoka mwaka 1978 ikaja Super Étendard. Kwa maneno mengine, meli hukata ndege kwa kipimo chake, na ndege nayo hukata meli. Mshonaji hawezi kuanza na suruali bila kujua kiuno cha mvaaji.

Manowari ya tatu, kubwa zaidi, ilipangwa kuitwa Verdun. Haikujengwa, kwani serikali ya Jenerali de Gaulle ilikuwa ikimwaga fedha nyingi katika silaha za nyuklia. Hata hivyo, mbili zilitosha kwa jambo moja muhimu: moja ikiwa gudini inatengenezwa, nyingine iko baharini. Kwa zaidi ya miaka thelathini zilipokezana hivyo. Clemenceau ilikuwa karibu na Djibouti mwaka 1977 nchi hiyo ilipopata uhuru. Foch ilirusha ndege zake katika vita vya Kosovo mwaka 1999.

4. CHARLES DE GAULLE: MKUBWA ASIYE NA MBIO

Mwaka 1980 iliamuliwa kwamba manowari zitakazofuata ziwe mbili na ziendeshwe kwa nyuklia. Faida ya nyuklia ni kwamba meli haibebi mafuta ya kujiendesha, hivyo nafasi hiyo huwekwa mafuta ya ndege na silaha, na meli yaweza kwenda miaka mingi bila kutiwa kuni mpya. Ilitolewa oda ya moja mwaka 1986. Ujenzi ulianza rasmi Brest mwaka 1989, ukasimamishwa mara kadhaa kwa sababu ya fedha. Meli ilitiwa majini Mei 1994, ikaingia kazini tarehe 18 Mei 2001. Ile ya pili haikujengwa kamwe.

Sasa sikiliza kioja. Charles de Gaulle ina uzito wa tani 42,500 hivi, lakini urefu wake ni mita 261.5. Yaani ni nzito kuliko Clemenceau, ila fupi! Sababu moja ni gudi: meli haiwezi kuzidi chumba inamozaliwa, na gudi la Brest lina mipaka yake. Na matanuri yake mawili ya nyuklia, aina ya K15, ni yale yale yaliyoundwa kwa ajili ya nyambizi. Kutumia tanuri moja kwa kazi mbili kuliokoa fedha, lakini nguvu haikutosha kuipa meli mbio za zamani. Mwendo wake ni kilomita 50 hivi kwa saa, wakati mkongwe Clemenceau, aliyekuwa akichemsha mvuke kwa mafuta, alifika 59.

Je, wahandisi walikubali hasara hiyo hivi hivi? La. Mwendo ulipopungua, manati ikaongezwa nguvu. Walinunua Marekani manati mbili za mvuke zenye urefu wa mita 75 badala ya 50. Tena, ili meli ndogo isiyumbe sana ndege zinapotua, waliweka chini ya staha mabehewa mazito ya chuma yatembeayo juu ya reli. Meli ikilalia upande huu, mabehewa hukimbilia upande ule, sawa na manahodha wa ngalawa wanavyoketi upande wa juu upepo ukizidi. Mimi naona huo ndio uhandisi hasa: si kupata kila kitu, bali kulipia hapa ulichopunguza pale.

Makosa nayo hayakukosekana. Iligunduliwa kwamba staha ya kutulia ilikuwa fupi kidogo kwa ndege ya rada aina ya Hawkeye, ikabidi irefushwe kwa mita nne hivi. Novemba 2000, meli ikiwa safarini katika Atlantiki kwa majaribio, bawa moja la rafadha lilikatika. Unajua walifanya nini? Walifungua ghala wakatoa rafadha za akiba za manowari zao za zamani, wakazifunga. Meli ikaenda polepole zaidi kwa miaka kadhaa, lakini ilikwenda. Usiache mbachao kwa msala upitao!

Baada ya hapo imefanya kazi nyingi: ndege zake ziliruka hadi Afghanistan kuanzia mwaka 2001, Libya mwaka 2011, na Iraq na Syria kuanzia mwaka 2015. Ndege ya Kifaransa Rafale imechukua nafasi ya zote za zamani za kivita. Super Étendard ya mwisho ilistaafu mwaka 2016.

Lakini mwenye moja hana mbadala. Matanuri ya nyuklia yakihitaji kujazwa upya, meli hukaa gudini zaidi ya mwaka mzima. Ilikuwa hivyo mwaka 2007 hadi 2008, na tena 2017 hadi 2018. Marubani wasipotua juu ya meli kwa muda mrefu, hupoteza ustadi. Basi mwaka 2018 Wafaransa walipeleka ndege na marubani wao Marekani, wakafanyia mazoezi juu ya manowari George H. W. Bush. Unaona tulikorudi? Miaka zaidi ya sabini baada ya vita, walikuwa tena wakiazima staha ya jirani.

5. MELI HUZIKWA WAPI?

Kuna upande mwingine ambao vitabu vya sifa huupita kimya. Meli ikizeeka, itapelekwa wapi?

Clemenceau ilistaafu mwaka 1997. Mwilini mwake mlikuwa na asbesto, kitu kilichotumiwa kuzuia moto na joto wakati ilipojengwa, ambacho vumbi lake huleta ugonjwa wa mapafu na saratani. Desemba 2005 ilikokotwa kutoka Toulon kwenda Alang, India, ili ivunjwe ufuoni na vibarua wanaofanya kazi kwa mikono. Watetezi wa mazingira na wa wafanyakazi walipiga kelele, kiasi cha asbesto kikabishaniwa, suala likafika Mahakama Kuu kabisa ya India. Februari 2006 Rais Jacques Chirac aliamuru irudishwe. Mkongwe huyo akakokotwa akaizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi Brest, akafika mwezi wa Mei. Mwishowe alivunjwa Hartlepool, Uingereza, kati ya mwaka 2009 na 2010.

Foch ilikuwa na mwisho mchungu zaidi. Iliuzwa Brazili mwaka 2000, ikaitwa São Paulo. Ilipochoka iliuzwa kwa wavunjaji wa Uturuki. Agosti 2022 ilianza safari ikikokotwa, lakini Uturuki ikafuta ruhusa kwa sababu ya hofu ya sumu iliyomo. Ikarudi Brazili, nako hakuna bandari iliyotaka kuipokea. Tarehe 3 Februari 2023 wanamaji wa Brazili waliizamisha katika Atlantiki pamoja na vilivyokuwamo ndani yake. Aliyeijenga alipata sifa, aliyeitumia alipata ushindi, na samaki wakaachiwa asbesto.

6. FUNZO

Wenzangu wengi husema, "Ah, haya yote ni habari ya fedha tu. Mwenye pesa atajenga." Nakubali nusu. Ukosefu wa fedha ulifuta meli ya kwanza ya mchoro wao, ukafuta Verdun, ukafuta ndugu ya Charles de Gaulle. Lakini fedha hazielezi kwa nini taifa lililokataa meli ya kuazima lilikubali manati ya kununua. Hilo laelezwa na akili. Manati ikifungwa melini haimwambii nahodha aende wapi. Meli ya kuazima inaweza kumwambia. Kwa hivyo kujitegemea si kutengeneza kila msumari kwa mkono wako. Ni kuhakikisha kwamba kile ulichopewa na mwenzako hakiwezi kukufunga mdomo.

Desemba 2020 Rais Emmanuel Macron alitangaza mpango wa manowari mpya ya nyuklia, na Desemba 2025 akathibitisha kwamba itajengwa. Itazidi tani 70,000, urefu wake mita 310 hivi, na itajengwa Saint-Nazaire. Safari hii matanuri yameundwa makubwa zaidi. Manati zake zitasukumwa kwa umeme, nazo zitanunuliwa Marekani. Inatarajiwa kuingia kazini mwaka 2038, Charles de Gaulle itakapostaafu. Makosa ya mbio na ya udogo yamesahihishwa. Lakini itakuwa moja tena, na siku itakayoingia gudini, staha itatafutwa kwa jirani.

Basi msomaji, ukipewa kuchora kitu chochote, iwe ni meli, daraja au kiti cha nyumbani kwenu, jiulize maswali manne: Kinatakiwa kubeba nini? Kitatengenezwa katika chumba gani? Kikiharibika nitatumia nini? Na kikifa, atakizika nani? Wafaransa walijibu mawili ya kwanza vizuri. Mawili ya mwisho yamewagharimu sana.

MSAMIATI

Gudi – mahali penye kuta bandarini ambapo meli hujengwa au hutengenezwa, na maji huweza kutolewa au kuingizwa.
Kulabu – chuma kilichopinda cha kunasia.
Manowari – meli ya vita.
Mshazari – hali ya kuwa kimkingamo, si sawa na urefu wa kitu.
Nyambizi – meli ya vita iendayo chini ya maji.
Rafadha – pangaboi la meli lisukumalo maji.
Staha – sakafu ya juu ya meli.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Ndege yahitaji hewa ipite kwa kilomita 230 kwa saa. Meli inakwenda kilomita 50 kwa saa ikielekea upepo wa kilomita 20. Manati na injini ziiongezee ndege kilomita ngapi?
2. Kwa nini staha ya mshazari iliokoa maisha ya marubani wengi?
3. Eleza jinsi gudi na tanuri zilivyoathiri umbo na mwendo wa Charles de Gaulle.
4. "Nguo ya kuazima haisitiri maungo." Jadili kwa kurejelea Arromanches, La Fayette na mazoezi ya mwaka 2018.
5. Ungekuwa hakimu mwaka 2006, ungeamua Clemenceau ivunjwe wapi? Toa sababu.